Kengele ya Saa Kumi Alfajiri

Kwenye karatasi, mwanafunzi wa bweni nchini Kenya analala vizuri. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinamtaka awe kitandani saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi: jumla ya saa 8 na nusu. Wataalamu wa usingizi wa Marekani nao wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa saa 8 hadi 10.

Bwenini mambo ni mengine. Katika shule kadhaa kengele hulia saa kumi alfajiri, hasa kwa watahiniwa wa kidato cha nne, na prepu, muda wa kujisomea usiku, huvuka saa nne. Wapo wanaojiongezea wenyewe: tochi chini ya blanketi, au miguu ndani ya beseni la maji baridi ili kope zisifumbe.

Anayesinzia darasani huitwa mvivu. Lakini Mary Carskadon, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, alionyesha kwamba kijana anapobalehe saa ya ndani ya mwili wake huchelewa. Melatonini, homoni inayoutangazia mwili kuwa usiku umeingia, huanza kupanda baadaye kuliko alipokuwa mtoto. Mwambie alale saa mbili usiku ili afidie. Atabaki akihesabu mabati.

Anachonyang'anywa na kengele ya alfajiri ni sehemu ya mwisho ya usiku, ambayo ndiyo yenye usingizi mwingi wa ndoto. Usingizi mzito huja mapema zaidi. Ubongo huhitaji aina zote mbili ili kuyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana, kwa hiyo saa mbili za kudurusu alfajiri hulipwa kwa somo la jana.

Mwaka 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia waliwapima watu wazima waliokesha. Baada ya saa 17 bila usingizi, utendaji wao ulishuka kama wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi alfajiri hufikisha saa hizo 17 saa tatu usiku, akiwa prepu, akipambana na hesabu.

Seattle, Marekani, mwaka 2016 ilisogeza masomo ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Waliopinga walidai vijana wangechelewa tu kulala. Vipimo vya mkononi vilionyesha wamepata takriban dakika 34 zaidi za usingizi.

Kenya haihitaji kanuni mpya, maana zile za 2015 zinatosha. Kinachoikwamisha ni wastani wa KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne: mwalimu mkuu anayewaacha watahiniwa walale hadi saa kumi na mbili anajua kwamba shule jirani imewasha taa tangu saa kumi, na wazazi wanajua pia.