Reale ya Bibi

Leo twataka kusema habari za sarafu za kale, na sababu yake ni bibi mmoja wa mtaa wetu huku Pwani. Jumapili moja baada ya ibada alitungoja mlangoni, akafungua pindo la leso yake na kutoa kipande kikubwa cha fedha alichoachiwa na babu yake, aliyekuwa mpagazi.

"Kasisi," alisema, "mjukuu wangu amesoma mwaka humu. Ni 1780. Kitu cha miaka zaidi ya mia mbili hakikosi kulipa karo."

Tuliitambua. Ilikuwa sarafu ya Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, ambayo wazee wa Pwani waliiita reale. Malkia huyo alikufa mwaka uo huo wa 1780. Lakini wafanya biashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wameizoea sura yake mpaka wakakataa nyingine. Walihesabu hata lulu za pambo la begani mwake kabla ya kupokea. Basi Austria ikaendelea kuipiga kwa mwaka ule ule, na baadaye ikapigwa Roma, London, Paris na Bombay pia. Zimetoka mamia ya mamilioni. Kwa hiyo reale iliyoandikwa 1780 yaweza kuwa ilipigwa mwaka 1937, wala si ya bandia.

Wengi hudhani kwamba sarafu ikizeeka sana imekuwa mali. Sivyo. Wanunuzi huuliza ni madini gani, zimebaki ngapi, ina hali gani, na nani anaitaka. Vile vipande viwili vya shaba alivyotoa mjane wa Injili ya Marko, wataalamu wengi huvifananisha na visarafu vya mfalme Aleksanda Yanai, aliyetawala Yerusalemu kabla ya Kristo. Vina miaka zaidi ya 2,000, lakini vimefukuliwa vingi mno katika Nchi Takatifu, hata ni miongoni mwa sarafu za kale zilizo rahisi kununuliwa.

Kinyume chake ni rupia 15 za dhahabu za Tabora. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamefungiwa njia ya baharini, fedha ikawaishia. Wakapiga sarafu katika karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka kama 16,000 tu. Uzito wake ni gramu 7 hivi, lakini wakusanyaji huzilipia kupita kabisa bei ya dhahabu iliyomo. Nazo ni changa kuliko mwaka ulioandikwa kwenye reale ya bibi!

Jambo moja lilitusikitisha. Bibi, kwa heshima ya kuja kwetu, alikuwa ameisugua kwa majivu mpaka inang'aa. Mwenye sarafu ya kale asiisugue hata kidogo, maana mikwaruzo huishusha bei mbele ya wakusanyaji.

Tulikwenda naye kwa sonara. Reale halisi ina gramu 28, na fedha safi ndani yake ni kama gramu 23. Mizani ikakubali. Kwenye ukingo tuliyaona maneno ya Kilatini, maana yake haki na huruma. Sonara akataja bei ya fedha ya siku ile, naye hakumpunja. Lakini haikufika robo ya karo.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama zingetosha viatu vya shule na sanduku la bati. Tukamwambia zatosha. Akaisogeza reale upande wa sonara kwa kidole kimoja, akaanza kukunja leso yake.