Bastola na Mti Wake

Wako watu wanaokusanya stempu, wako wanaokusanya sarafu, na wako wanaokusanya bastola za kale. Juma hili nawazungumzia hao wa mwisho, hasa wale wanaotafuta bastola zenye kitako cha mti cha kuchomeka na kuchomoa. Mashuhuri kati yake ni Mauser C96, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1896 katika mji wa Oberndorf, Ujerumani.

Ujanja wa bastola hiyo umo katika ala yake. Ala yenyewe si ya ngozi, bali ni mti uliochongwa ukawa na uwazi ndani, na kifuniko cha bawaba upande mpana. Askari alichomoa bastola, akafunga kifuniko, kisha akachomeka ncha nyembamba ya ala, yenye chuma, nyuma ya mpini. Papo hapo ala ikageuka kitako cha kuegemeza begani. Nyingi ziliwekewa alama za shabaha mpaka mita 1,000; kwa maoni yangu hayo yalikuwa maneno ya muuzaji kuliko ya mpiga shabaha.

Ziliuzwa sana China, ambako watu waliziita mizinga ya sanduku, kwa sababu ya ala hiyo. Miaka ya 1980 nyingi zilitolewa huko zikapelekwa Marekani kuuzwa kwa wakusanyaji, zikiwa zimechakaa vibaya.

Hapo ndipo unapoona thamani ya mti. Chuma hudumu, lakini mti huoza, hupasuka, hupotea. Tena mara nyingi kiwanda kilipiga nambari ya bastola kwenye chuma cha kitako pia. Nambari mbili zikilingana, bei hupanda, na bei ikipanda walaghai hawakosi: huchukua kitako kipya, hukizeesha kwa rangi na mafuta, kisha hupiga nambari inayotakiwa. Mnunuzi mwenye akili hutazama nambari kabla hajatazama uzuri wa mti.

Sheria nayo inautazama mti huo. Kwa sheria ya Marekani iliyoanzia mwaka 1934, bastola yenye mtutu mfupi ikitiwa kitako cha begani huhesabiwa kuwa bunduki fupi, na lazima iandikishwe. Asiyeandikisha aweza kufungwa hadi miaka 10. C96 yenye kitako chake cha asili imesamehewa kwa kuwa ni kitu cha kale. Bali kitako hicho hicho ukikitia kwenye bastola ya kisasa, msamaha haupo.

Wanaoniliza zaidi ni warithi. Mwaka 1932 Mauser walitoa bastola iliyofanana sana na ile, ila hii yaweza kumimina risasi mfululizo. Ubavuni kushoto ina kibonyezo chenye herufi N na R. Hiyo ni bombomu mbele ya sheria, na msamaha wa vitu vya kale hauihusu. Mjukuu akiikuta darini, imo ndani ya ala yake nzuri, nambari zote zinalingana, lakini babu hakuiandikisha, hana njia ya kuiandikisha leo. Hawezi kuiuza wala kuiweka ukutani. Itambidi aisalimishe kwa wenye mamlaka.