Kusukumwa kwa Feleji na Mwelekeo wa Fuwele Zake

Transfoma iliyotundikwa juu ya nguzo ya umeme huvuma mchana na usiku. Mvumo huo watoka katika kiini chake cha mabamba ya feleji, ambamo usumaku hugeuka mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50. Kila mgeuko hupoteza nishati kidogo kwa njia ya joto, hata kama hakuna taa iliyowashwa. Ukubwa wa hasara hiyo hutegemea sana jinsi feleji ilivyosukumwa kiwandani.

Yafaa ieleweke kwamba feleji ni mkusanyiko wa punje, na kila punje ni fuwele. Atomu za chuma hujipanga humo katika michemraba, moja kwa kila pembe na moja katikati. Mwaka 1926 Honda na Kaya wa Japani walipima fuwele mojamoja, wakaonyesha kwamba chuma hushika usumaku kwa wepesi kikifuata ukingo wa mchemraba, na kwa taabu kubwa kikifuata ulalo upenyao katikati yake.

Bamba likibanwa kati ya rola mbili huwa jembamba na refu. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba punje zabonyezwa tu, kama donge la chapati. Sivyo. Fuwele hubadili umbo kwa tabaka za atomu kuteleza moja juu ya nyingine, mfano wa karata. Lakini punje imebanwa na jirani zake, haiwezi kuteleza ipendavyo. Basi irefukapo hulazimika pia kujigeuza. Hatimaye punje nyingi huelekea pande chache tu.

Ajabu ni kwamba pande hizo sizo tuzitakazo. Norman Goss wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1934, aliisukuma feleji yenye silikoni ikiwa baridi, akaipasha moto, kisha akarudia. Katika moto wa mwisho, punje chache ambazo ukingo wa mchemraba wake wafuata njia ya rola huzimeza nyingine zote, hata zikafikia upana wa milimita kadhaa katika bamba lenye unene wa kama milimita 0.3. Mwaka 1958 May na Turnbull walionyesha kwamba chembe ndogo za salfidi ya manganizi huzizuia nyingine zisikue. Kwa nini hasa hizo chache hushinda, wataalamu wangali wakibishana.

Kwa sababu hiyo, kwenye pembe za kiini mafundi huyakata mabamba kwa digrii 45, ili usumaku uzunguke bila kukatisha njia ya rola.