Moyo Mzito Wakati wa Masika: Tuifahamu Sonona na Kuikabili

Kila mwaka mvua zinapokolea, familia nyingi za Mngeta na sehemu nyingine za bonde la Kilombero huhamia mashambani. Watu hukaa kwenye vibanda na madungu, mbali na kijiji, wakipalilia na kuamia ndege mpaka mpunga uvunwe. Katika miezi hiyo wapo wanaobadilika. Baba aliyekuwa mchapakazi hagusi jembe. Mama anaamka usiku wa manane na kulia, wala hawezi kueleza sababu. Majirani husema ni uvivu, au amerogwa. Huenda si uvivu wala uchawi. Huenda ni sonona, na sonona ina tiba.

Sonona ni nini?

Kila binadamu huhuzunika, na huzuni ya kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona ni ugonjwa. Hudumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Dalili zake ni hizi: moyo kuwa mzito, kutofurahia mambo uliyokuwa ukiyapenda, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, uchovu, kujiona huna thamani, na kutamani kufa. Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema, "Ninawaza sana," au hulalamika kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio.

Kwa nini masika?

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza sonona inayorudi kila majira ya baridi, wakati ambapo mchana wa huko huwa mfupi sana. Wagonjwa wake hutibiwa, pamoja na njia nyingine, kwa kukaa kila asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya wanaweza kupatwa na hali hiyo.

Kwetu sababu ni nyingine. Hapa bondeni, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hupishana kwa muda wa saa moja hivi tu. Tena siku zetu fupi huangukia mwezi wa Juni, wakati wa mavuno. Uzito wa masika unatokana zaidi na mambo tunayoyaona: ghala limebaki tupu, deni la kulimia halijalipwa, malaria inarudi, barabara haipitiki, na mtu yuko peke yake dunguni. Mafuriko nayo huongeza hofu, kama yale ya mwaka 2024.

Mwili na akili ni ndugu

Mawazo yakizidi, misuli hukaza, moyo hupiga haraka, usingizi hupotea. Asiyelala huwaza zaidi, na asiyefanya kazi hukosa hata furaha ndogo za kila siku, hivyo moyo huzidi kulemewa. Ni duara. Lakini duara hilo linaweza kukatwa kwa kuanzia mwilini. Tunawashauri yafuatayo:

1. Kupumua polepole. Kaa, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lijae. Itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Fanya hivyo dakika 5, asubuhi na jioni.

2. Kulegeza misuli. Kunja ngumi kwa nguvu kwa sekunde 5, kisha ziachie. Fanya vivyo hivyo kwa mabega, uso na miguu. Inafaa kabla ya kulala.

3. Kazi ndogo ndogo. Usingoje nguvu zirudi ndipo uanze, kwani nguvu hurudi kwa kufanya. Leo palilia mistari miwili tu. Kesho ongeza mmoja.

4. Usingizi. Amka saa ile ile kila siku, utoke nje kwenye mwanga wa asubuhi, na lala ndani ya chandarua.

5. Kuepuka pombe. Huleta usahaulifu wa saa chache, kisha huharibu usingizi na kuongeza huzuni.

6. Kuzungumza na mtu unayemwamini.

Nguvu ya kusikilizwa

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Waliwasikiliza, wakachagua pamoja nao tatizo moja na kutafuta hatua moja ya kulitatua. Matokeo ya utafiti yalitolewa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14 katika kila 100 kati ya waliohudumiwa na akina bibi, na 50 katika kila 100 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Hata jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kupanga zamu ya kuwatembelea walio shambani. Usimwambie mgonjwa, "Jikaze." Keti, msikilize, kisha msaidie palizi.

Wakati wa kwenda kwa mganga

Dalili zikizidi wiki mbili, au zikimtokea mama aliyejifungua karibuni, nendeni zahanati au kituo cha afya. Upungufu wa damu na magonjwa mengine huweza kufanana na sonona, hivyo kupimwa ni lazima. Dawa zipo, kama vile amitriptilini na fluoksetini. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Msiziache bila ushauri wa mganga.

Mtu akisema heri afe, msimdharau. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuulia wadudu na magugu zifungiwe kwa kufuli, au ziwekwe kwa jirani. Kibandani mara nyingi hukaa chini ya kitanda.

Basi, masika haya, kabla hatujamwita mwenzetu mvivu, tumfuate dunguni tukamjulie hali.