Ruzuku ya Mbolea Inakuhusu Hata Wewe wa Mji wa Kale

Unaishi Mji wa Kale, huna hata tuta la mchicha. Ruzuku ya mbolea yakuhusu nini? Yakuhusu kila jioni sima inaposongwa.

Ruzuku ni sehemu ya bei ambayo serikali inakulipia. Swali ni inalipia wapi: dukani au shambani? Kenya tumejaribu kote kuwili. Julai 2022, pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita Sh200, serikali ikaishusha hadi Sh100. Raha ilikuwa fupi. Maduka mengi yalikosa unga wa bei hiyo, na baada ya wiki chache mpango ukaisha. Septemba mwaka huo, serikali mpya ikaelekeza ruzuku kwenye mbolea. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa umepita Sh6,000 ukauzwa Sh3,500, na mwaka 2023 Sh2,500.

Njia hii ni ya polepole. Mbolea ya leo ni mahindi ya miezi ijayo, na kabla yafike Marikiti kuna mvua, usafiri na madalali. Mkulima anapunguziwa gharama, lakini hakuna aliyeahidiwa bei ya unga.

Tena, bei nafuu bado ni pesa. Mkulima husajiliwa kupitia kwa chifu, hupata vocha kwa SMS, kisha hulipa na kuchukua mbolea kwenye ghala kama za Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB). Vocha ikifika na mfuko mtupu, mvua haimsubiri. Hapo ndipo wewe wa mjini unapoingia, kama mama au ami analima Kwale au Kilifi.

Kabla ya kutuma:

- Muulize kama amesajiliwa na kama vocha imefika kwenye laini yake mwenyewe.
- Tuma kwa namba yake, si ya "mtu wa kumsaidia". Soma jina kabla ya kuthibitisha.
- Akipigiwa simu aombwe PIN au "ada ya kuharakisha vocha", akate.
- Ahifadhi ujumbe wa malipo na risiti. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia kiwango iliuzwa ndani ya mpango huu, na mwenye ushahidi ndiye mwenye la kudai.

Sh2,500 iliyofika kabla ya masika ni mavuno. Ikifika baada ya kupanda, imechelewa. Basi mpigie leo, kabla mawingu hayajakusanyika.