"Galore" maana yake nini? Ni "tele" tu

Wadau, kuna hili neno la Kiingereza, "galore". Tunaliona kwenye matangazo ya maduka na vichwa vya habari, halafu tunalitumia ovyo. Maana yake ni tele, kibao, bwelele.

Kinachowachanganya wengi ni mahali pa kuliweka. Kiingereza kawaida kinatanguliza sifa: "white cotton". Hili linakaa nyuma, kwa sababu limetoka kwenye lugha ya wenyeji wa Ireland, "go leor", yaani ya kutosha. Sisi wa Kasoli wala tusihangaike: msimu wa mavuno tunasema "pamba tele", wao "cotton galore". Hata "tele" yetu haibadiliki: watu tele, matikiti tele. Ukiandika "galore cotton" umeharibu. (Ila pamba galore siyo lazima iwe hela galore, wakulima mnanielewa.)

Sasa kinachowaponza vijana: ni neno la kijiweni na la magazetini. Kwenye barua ya kuomba kazi usije ukaandika "experience galore", mwajiri ataona unamtania. Kama umefanya kazi miezi sita, andika miezi sita.