Kamsa, Hitilafu na Tahadhari: Istilahi za Mtambo wa Simu wa Ofisi

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazohitajiwa pale mtambo wa simu wa ofisi unapotoa habari kwamba sehemu fulani ya maunzi yake ina walakini. Mtambo huo ndio unaounganisha simu za ndani za wizara, hospitali au kiwanda, na kuzipatia njia ya kufikia laini za nje. Watu wengi huuita swichibodi, ingawa kwa hakika swichibodi ni meza ya opereta tu. Tutaonyesha kuwa mfasiri anapotumia neno moja kwa mambo yaliyo mbalimbali, fundi anayesoma kitabu chake hufanya kazi isiyotakiwa, na ofisi nzima huweza kukosa simu.

Neno linalotangulia kuja akilini ni kengele. Lakini katika simu neno hili lina kazi yake tayari: kengele hulia mtu anapopigiwa. Fundi akiandikiwa "kengele ya laini ya 5", atajuaje kama laini inaita au inaumwa? Isitoshe, mitambo ya siku hizi mara nyingi haitoi sauti yoyote. Huwasha taa nyekundu au huandika mstari mmoja kwenye skrini. Neno king'ora nalo lina kasoro hiyo hiyo ya kudai sauti. Sisi tunapendekeza kamsa, yaani ukelele wa kuomba msaada. Neno hili limo katika Kiswahili tangu zamani, halina kazi nyingine katika fani ya simu, na maana yake inaafiki: mtambo umeona shida, nao unamwita mtu. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu si jambo lenyewe, na kadhalika kamsa si ugonjwa wenyewe.

Hapa ndipo tunapofikia tofauti ya kwanza, iliyo kati ya kosa, hitilafu na kamsa. Tuchukue mfano wa mitambo ya Definity, iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya AT&T, kisha Lucent, kisha Avaya. Mtambo huu hujipima wenyewe mara kwa mara. Kipimo kinaposhindwa, kosa huandikwa katika kumbukumbu ya makosa. Kosa moja huenda lisiwe na maana kubwa. Lakini makosa yakizidi kikomo kilichowekwa, mtambo hutoa kamsa, nayo huandikwa katika kumbukumbu yake ya pekee. Hitilafu ni kile kilichosababisha yote hayo: kadi iliyoharibika, feni iliyosimama, au waya uliokatika nje ya jengo. Kumbukumbu ya kamsa hueleza pia kama shida inadhaniwa kuwa ndani ya kadi au nje yake. Mfasiri asiliruke neno hilo, kwa sababu fundi asiyelisoma huenda akabadilisha kadi nzima ilhali ubovu uko kwenye laini.

Tofauti ya pili ni ya uzito. Pendekezo X.733 la mwaka 1992, lililo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, linataja daraja nne za kamsa: ya dharura, inayotaka hatua papo hapo; kubwa, inayotaka hatua za haraka; ndogo, inayotaka kurekebishwa ili shida isikue; na tahadhari, inayotangulia kabla madhara makubwa hayajaonekana. Msomaji ataona mara moja kwa nini haifai kuiita kila kamsa tahadhari. Tukifanya hivyo, daraja ya chini kabisa itakuwa "tahadhari ya tahadhari", na habari ya dharura itabeba jina lile lile la habari ndogo.

Tofauti ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi, nayo inahusu vitenzi. Kunyamazisha kamsa ni kuzima sauti au taa. Kukiri kamsa ni kuonyesha kwamba habari imepokelewa. Katika Definity, safu ya kukiri huonyesha kama kituo cha matengenezo kilicho mbali kimepata habari hiyo. Kwisha kwa kamsa ni hali ya mtambo kupima tena na kuona kwamba shida imeondoka. Vitabu vingi hutumia kitenzi kufuta kwa yote matatu. Mtumishi akiambiwa "futa kamsa", atabonyeza kitufe na kwenda zake, kumbe mtambo ungali unatumia betri na umeme haujarudi. Betri zitakapokwisha nguvu, simu za hospitali zitakatika bila onyo jingine.

Mfano huo wa betri unatuonyesha pia utaratibu wa kazi. Mitambo mingi mikubwa ya simu hutumia umeme wa volti 48, ambao ncha yake chanya imeunganishwa na ardhi. Betri zake kwa kawaida ni seli 24 za volti 2 kila moja. Umeme ukiyumba, kadi nyingi hupiga kamsa kwa pamoja. Kwa hiyo fundi hutazama kwanza saa zilizoandikwa ili ajue ipi ilitangulia. Kisha hukagua umeme, fyuzi, feni na joto. Ndipo aingie kwenye kadi moja moja. Kabla ya kugusa kadi huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, ili umeme tuli wa mwili usiiharibu. Aidha huuliza kama kuna kifaa kilichotolewa kazini kwa makusudi na kusahauliwa, maana hilo nalo huweza kuleta tahadhari.

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Kosa: kipimo au tendo moja lililoshindwa.
(b) Hitilafu: ubovu unaosababisha makosa.
(c) Kamsa: habari inayotolewa na mtambo kwamba unahitaji kushughulikiwa.
(d) Tahadhari: kamsa ya daraja ya chini.
(e) Kunyamazisha: kuzima sauti au taa ya kamsa.
(f) Kukiri: kuonyesha kuwa kamsa imepokelewa.
(g) Kwisha: kuondoka kwa kamsa baada ya hitilafu kurekebishwa.

Kitenzi kufuta kibakie na maana yake ya kuondoa maandishi katika kumbukumbu. Kazi hiyo hufanywa mwisho, na mtu mwenye mamlaka, baada ya kuhakikisha kwamba hitilafu imekwisha.